GTX 1060 kwenye Debian 12: draiva imewekwa, lakini kompyuta imekuwa nzito kuliko awali

Mhariri wa Sakina (Arusha)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa Linux kwenye kompyuta za mezani, hasa zile zenye kadi za picha za NVIDIA.

Ninahariri video za safari kwa ajili ya kampuni ndogo za utalii za hapa mjini. Wageni hurekodiwa wakiwa Tarangire, Ngorongoro au Serengeti, kisha mimi hupokea klipu zote na kutengeneza filamu fupi ambayo mgeni hukabidhiwa kabla ya kuondoka au hutumiwa baadaye. Kompyuta ninayotumia ni ya mtumba, iliyokuwa ya ofisini, yenye prosesa ya Intel Core i7-6700 na RAM ya GB 16. Hivi karibuni niliongeza kadi ya GeForce GTX 1060 yenye kumbukumbu ya GB 6, nayo ilifungwa na fundi. Mfumo ni Debian 12, aina ya Linux, wenye skrini ya kazi ya GNOME, na programu ninayohariria ni Kdenlive.

Tatizo ni kwamba tangu niweke draiva ya NVIDIA (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi) kutoka hazina ya Debian, kwa kifurushi cha `nvidia-driver`, mashine imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa kabla sijaigusa. Nikisogeza dirisha linajikokota, video za kwenye kivinjari zinakatakata, feni ya prosesa inavuma hata nisipofungua programu yoyote kubwa, na kwenye mipangilio ya skrini ninapewa ukubwa mmoja tu usiobadilika. Nikiandika `nvidia-smi` ninajibiwa kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva. Hata hivyo `lspci` inaitaja kadi kwa jina lake, na waya wa monita umechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi.

Kuna anayeniambia kwamba kadi imekufa na ninunue nyingine, na kuna anayesema nirudi Windows. Msimu wa wageni wa kuanzia Juni unakaribia na fedha niliyo nayo ni ya kazi, kwa hiyo ningependa kujua kwa uhakika ugonjwa uko wapi kabla sijatoa hata shilingi moja: ni kadi, ni draiva, au ni kitu kingine ndani ya mfumo?

Fundi wa Njiro (Arusha)

Ndugu Mhariri, pole kwa usumbufu. Usinunue kadi nyingine kwanza. Kadi iliyokufa mara nyingi haitoi picha kabisa, au hutoa picha yenye mistari na madoa ya rangi, au huzima mashine kazi inapokuwa nzito. Dalili ulizozitaja, hasa feni ya prosesa inayovuma pasipo kazi na skrini iliyogoma kubadilika ukubwa, zinanifanya niamini kwamba kadi yako ni nzima ila haichori chochote, na kwamba kazi yote ya kuchora imeangukia kwenye prosesa.

Nieleze kidogo jinsi hali hiyo inavyotokea. Programu ikitaka kuchora kitu kwenye skrini hupitia maktaba za OpenGL au Vulkan, na chini ya maktaba hizo lazima pawepo draiva ndani ya keneli (moyo wa mfumo) inayozungumza na kadi moja kwa moja. Draiva hiyo isipopatikana, mfumo haukuachi gizani. Maktaba ya Mesa ina njia yake ya akiba inayoitwa llvmpipe, ambayo hukokotoa kila nukta ya picha kwa kutumia prosesa. Inatosha kukufikisha kwenye skrini ya kazi na kukuwezesha kurekebisha tatizo, lakini haifai kwa video.

Na ndiyo maana mashine imekuwa nzito *baada* ya kuweka draiva. Awali ulikuwa unatumia Nouveau, ambayo ni draiva huria iliyomo ndani ya keneli tangu mwaka 2010. Kifurushi cha `nvidia-driver` cha Debian huifungia Nouveau nje ili zisigombanie kadi moja. Sasa ikitokea moduli ya NVIDIA, yaani sehemu ya draiva inayoingia ndani ya keneli, nayo imeshindwa kupakiwa, unabaki huna draiva hata moja.

Tafadhali endesha amri hizi na utuletee majibu kama yalivyo:

`glxinfo -B | grep -i renderer`
`lspci -nnk | grep -A3 -i vga`
`dkms status`
`mokutil --sb-state`
`sudo modprobe nvidia`

Amri ya kwanza isipopatikana, weka kifurushi cha `mesa-utils`. Ile ya mwisho ndiyo ninayoisubiri zaidi, kwa sababu itajaribu kupakia moduli mbele ya macho yako na itasema kwa nini imeshindwa.

Mhariri wa Sakina (Arusha)

Asante sana, Fundi. Majibu ni haya: `glxinfo` inasema `llvmpipe (LLVM 15.0.6, 256 bits)`. Kwenye `lspci` kadi inaonekana, lakini ule mstari wa `Kernel driver in use` haupo kabisa. `dkms status` inaonyesha kwamba `nvidia-current` ya toleo la 535 imejengwa na imewekwa. `mokutil` inasema `SecureBoot enabled`. Nayo `modprobe` imerudisha kosa linaloishia na maneno `Key was rejected by service`.

Fundi wa Njiro (Arusha)

Hapo hapo pa mwisho ndipo penyewe. Draiva ilipakuliwa vizuri, DKMS (programu ya kujenga moduli za nje) ikaijenga vizuri kulingana na keneli yako, lakini keneli imeikataa mlangoni. Secure Boot, yaani ulinzi unaokagua sahihi za programu mashine inapowaka, ikiwa imewashwa, keneli ya Debian haipokei moduli yoyote isiyokuwa na sahihi ya ufunguo unaotambuliwa na mashine. Moduli za Debian yenyewe zimesainiwa tayari. Ya NVIDIA imejengwa nyumbani kwako na kusainiwa kwa ufunguo uliotengenezwa papo hapo na DKMS, ambao mashine haijawahi kuuona. Ni kama barua ya utambulisho isiyo na muhuri wa serikali ya mtaa: kila kilichoandikwa ndani ni kweli, lakini ofisini haipokelewi.

Kinachotakiwa ni kuusajili ufunguo huo. Kwenye Debian 12 uko `/var/lib/dkms/mok.pub`, na amri ni hii:

`sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`

Utaombwa utunge nywila ya kutumika mara moja tu. Chagua herufi ndogo za kawaida au tarakimu, kwa sababu mahali utakapoiandika tena mpangilio wa kibodi unaweza usiwe huu uliouzoea. Kisha washa mashine upya na *usiondoke mbele ya skrini*. Kabla Debian haijaanza kupanda utaona ukurasa wa bluu unaokutaka ubonyeze kitufe chochote, nao hukusubiri kwa sekunde kumi tu. Ukiupita, ombi lako linafutwa na itabidi urudie amri ya usajili. Ukiuwahi, chagua `Enroll MOK` (yaani sajili ufunguo wa mwenye mashine), halafu `Continue`, halafu `Yes`, andika ile nywila, kisha uwashe upya.

Watu wengi hukwama hatua hii kwa sababu ukurasa ule unafanana na skrini ya hitilafu, na mtu akiuona huukimbia. Usiogope.

Mzee wa Majengo (Moshi)

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi, lakini naona njia imekuwa ndefu kuliko inavyohitajika. Kompyuta iko ndani ya chumba cha kazi, mtumiaji ni mmoja, na mlango unafungwa. Aingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), azime Secure Boot, awashe mashine, na draiva itapakiwa bila kusajili chochote. Na ikiwa hataki kabisa usumbufu wa draiva iliyofungwa ambayo hatuwezi kuusoma msimbo wake, basi aiondoe na arudi Nouveau. Tunatumia Linux kwa sababu ya uhuru, na uhuru huo una thamani yake.

Dada wa Kiboriloni (Moshi)

Shikamoo, Mzee. Kuhusu kuzima Secure Boot sina ugomvi. Ni uamuzi wa mwenye mashine. Mimi binafsi ningeiacha iwe imewashwa, kwa kuwa ufunguo ukishasajiliwa kazi imekwisha na ulinzi unabaki.

Kuhusu Nouveau, hata hivyo, naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwa sababu kwa kadi hii hasa ushauri huo utamwumiza Mhariri. Kadi za NVIDIA huwaka zikiwa kwenye mwendo wa chini, na ni kazi ya draiva kuzipandisha mwendo kazi inapohitaji. Kwa kadi za zamani za kizazi cha Kepler, na zile za mwanzo za Maxwell kama GTX 750 Ti, Nouveau inaweza kuupandisha mwendo huo ukiiagiza kwa mkono. Kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell, yaani GTX 970 na 980 za mwaka 2014, programu dhibiti (firmware) inayosimamia mwendo lazima iwe na sahihi ya NVIDIA yenyewe, na wale wa Nouveau hawakupewa ya kuwawezesha kufanya kazi hiyo. GTX 1060 ni ya kizazi cha Pascal, cha mwaka 2016, na iko ndani ya kifungo hicho. Itawasha skrini, itachora madirisha, lakini itabaki kwenye mwendo ule ule wa kuamkia hata uipe mzigo gani. Juu ya hayo, kwa Nouveau hakuna CUDA (kutumia kadi kwa ukokotoaji) wala NVENC (kubana video kwa kadi), vitu viwili ambavyo mhariri wa video anavihitaji.

Hali ni tofauti kwa kadi za Turing na kuendelea, yaani GTX 1650 na familia ya RTX. Huko NVIDIA ilitoa moduli za keneli zenye msimbo wazi mwezi Mei 2022, na Nouveau nayo, kuanzia keneli 6.7, inaweza kutumia programu dhibiti ya GSP, prosesa ndogo iliyomo ndani ya kadi hizo. Mzee, siku ukiwa na kadi ya aina hiyo ushauri wako utakuwa na mashiko. Mhariri naye aangalie jambo moja: akikuta kwenye hazina vifurushi vya NVIDIA vyenye neno `open` katika jina, asivichukue, kwa sababu moduli hizo hazitumiki kwa Pascal.

Mhariri wa Sakina (Arusha)

Nimesajili ufunguo na mambo yamebadilika. `glxinfo` sasa inataja `NVIDIA GeForce GTX 1060 6GB`, `nvidia-smi` inaonyesha draiva, joto na kumbukumbu, madirisha yanateleza vizuri na monita imerudi kwenye ukubwa wake. Mungu awabariki.

Limebaki jambo la Kdenlive, na hili ndilo lililonifanya nitafute kadi tangu mwanzo. Klipu za 4K kutoka kwenye kamera ya mpiga picha mmoja, ambaye hurekodi kwa H.265 ya biti 10, 4:2:2, bado zinakwama nikizicheza kwenye mstari wa kuhariria, wakati zile za simu za wageni zinapita bila shida. Pia ninapotoa filamu kamili, kazi huanza kwa kasi nzuri, halafu baada ya muda hupungua sana. Nikitazama `nvidia-smi` wakati huo, matumizi ya kadi ni madogo mno. Je, draiva bado haifanyi kazi ipasavyo?

Dada wa Kiboriloni (Moshi)

Draiva inafanya kazi. Hapa tunatoka kwenye suala la draiva na kuingia kwenye suala la nani anafanya nini ndani ya Kdenlive, na ni vizuri ulielewe kwa undani kwa sababu linahusu kipato chako.

Kdenlive hutegemea injini ya MLT, ambayo efekti zake nyingi, yaani kusahihisha rangi, kuunganisha tabaka, maandishi na kadhalika, hukokotolewa na prosesa. Kutoa filamu kwa mpangilio wa kawaida wa H.264 nako hufanywa na libx264, ambayo pia ni kazi ya prosesa. Kwa hiyo kadi inaweza kuwa nzima, draiva ikawa sawa kabisa, na bado `nvidia-smi` ikaonyesha matumizi madogo.

Kuhusu klipu za mpiga picha wako, jibu liko kwenye zile tarakimu 4:2:2, zinazoonyesha kiasi cha taarifa za rangi kinachohifadhiwa; 4:2:0 huhifadhi chache zaidi. Sehemu ya kadi inayofungua video ni saketi maalumu iliyotengenezwa kwa miundo fulani tu. Ya Pascal inaifungua H.265 ya biti 10 ikiwa ni 4:2:0, lakini 4:2:2 haiiwezi, na hakuna draiva itakayobadilisha hilo. Ndiyo maana klipu za simu, ambazo kwa kawaida ni 4:2:0 na nyepesi zaidi, zinapita, na hizo za kamera zinaishia kufunguliwa na prosesa ya viini vinne ambayo tayari imeelemewa na efekti.

Dawa yake ni nakala nyepesi. Ndani ya Kdenlive, kwenye mipangilio ya mradi, washa `Proxy clips`, na programu itatengeneza nakala ndogo ya kila klipu kubwa. Utahariri kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa filamu programu itarudi kwenye klipu halisi yenyewe. Hakikisha tu nafasi ya diski inatosha, kisha iache itengeneze nakala wakati unafanya mambo mengine. Kwa klipu kama zako sijaona njia nyingine yenye nafuu kubwa kuliko hii, na haihitaji kununua chochote.

Kwa kutoa filamu, tafuta katika orodha ya matokeo yale yenye jina la NVENC. Hayo huipa kadi kazi ya kubana video, na prosesa hubaki na efekti peke yake. NVENC ya Pascal, kwa ukubwa ule ule wa faili, haifikii ubora wa libx264 iliyopewa muda wa kutosha, hasa penye majani mengi na vumbi linalotimka, na video za safari ndizo zimejaa vitu hivyo. Ongeza kiwango cha biti kidogo, kisha linganisha kwa macho yako kipande kimoja kigumu, kwa mfano kundi la nyumbu likikimbia. Kwa filamu ya kutumwa WhatsApp mimi ningetumia NVENC bila kusita. Kwa ile ambayo kampuni itaiweka kwenye tovuti yake, ningevumilia libx264 usiku kucha.

Hiyo kasi inayopungua katikati ya kazi namwachia Fundi, maana nadhani ni joto, na mambo ya kufungua makasha anayajua kuliko mimi.

Fundi wa Njiro (Arusha)

Nakubaliana na Dada, na ninaongeza kwamba joto lenyewe inawezekana kabisa liko kwenye prosesa. Weka `lm-sensors`, fungua taminali mbili, moja iendeshe `watch sensors` na nyingine `nvidia-smi -l 2`, kisha anza kutoa filamu na utazame zote mbili mpaka kasi itakapopungua. Baadaye endesha `sudo dmesg | grep -i throttled`. Ukikuta mstari unaosema joto la kiini limevuka kiwango na mwendo umepunguzwa, basi umeshampata mhusika.

Kwa upande wa kadi, `nvidia-smi -q -d PERFORMANCE` itakupa orodha ya sababu za kupunguza mwendo. Ukiona `SW Power Cap` ni `Active` wakati kadi ina mzigo mkubwa, hiyo ni hali ya kawaida. `SW Thermal Slowdown` maana yake ni joto; kadi nyingi za Pascal huanza kujizuia zinapokaribia nyuzi 83. Ikiwa ni `HW Slowdown`, usiendelee na kazi mpaka ujue chanzo, kwa sababu hapo kadi inajilinda dhidi ya joto kali au umeme usiotosha.

Kasha la ofisini lilitengenezwa kupoza prosesa peke yake, na sasa umeliingizia kadi inayoweza kula wati 120. Katika mashine ninazofungua hapa Njiro, hasa miezi ya kiangazi, mara nyingi nakuta vumbi limeshikamana kati ya feni na mapezi ya kipoza joto likawa kama kitambaa, na feni inazunguka vizuri lakini hewa haipiti. Toa feni, safisha mapezi kwa brashi laini, na paka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa, maana kwenye mashine ya umri huo ile ya kiwandani huwa imekauka. Ukisafisha kwa mashine ya kupuliza, shika feni kwa kidole isizunguke.

Ukiwa umefungua, soma kibandiko cha pawa saplai. NVIDIA inapendekeza pawa saplai ya wati 400 kwa kompyuta yenye GTX 1060, na mashine nyingi za ofisini zina 240 au 300. Angalia pia ule waya wa pini sita unaoingia kwenye kadi umetoka wapi. Kama fundi aliunga kwa kiunganishi kilichochukua umeme kutoka kwenye waya wa diski, hapo ndipo pa kutumia fedha yako kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Mwisho ni kuhusu masasisho. Hakikisha kifurushi cha `linux-headers-amd64` kimewekwa, ili kila keneli mpya ikija DKMS ipate vichwa vyake na kuijenga draiva upya. Itaisaini kwa ufunguo ule ule uliousajili, kwa hiyo hutaiona tena ile skrini ya bluu. Usipakue faili la `.run` kutoka tovuti ya NVIDIA kwa kutafuta toleo jipya zaidi. Linakula bando, `apt` hailitambui, na likichanganyika na vifurushi vya Debian ni vigumu kulitoa. Tawi la 580 la draiva ndilo la mwisho kwa Pascal, na 535 uliyo nayo inatosha kwa kazi zako. Ukihamia Debian 13 utapewa 550, ambayo nayo inaitambua kadi yako. Kwenye ukurasa wa kuingilia wa GNOME chagua kipindi cha Xorg badala ya Wayland (hizo ni njia mbili za mfumo kuonyesha madirisha), kwa kuwa maboresho ya NVIDIA ya kuondoa kumetameta kwenye Wayland yalianza na 555.

Tuletee namba za `sensors` ukishasafisha.